Munganga akikosea: historia ya makosa ya hospitali na haki ya fidia, kutoka Yambuku hadi Nakaseke

Sheria inayompa mgonjwa wa Masisi haki ya kudai fidia ni ya zamani kuliko mji wa Goma. Ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotolewa wakati Kongo yote ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Kifungu cha 258 kinasema, kwa maneno ya kawaida, kwamba mtu ambaye kosa lake limemletea mwenzake hasara lazima aitengeneze hasara hiyo. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Cha 260 kinamgusa tajiri: yeye naye anajibu kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi wake akiwa katika kazi aliyomtuma.

Hakuna neno daktari wala hospitali ndani ya vifungu hivyo. Lakini ndivyo mahakama za Kongo zinavyovitumia hata leo, kwa dereva wa lori, kwa fundi wa nyumba na kwa munganga vilevile. Basi kwa nini sheria yenye miaka zaidi ya 130 haijulikani na mama aliyetoka materinite bila mtoto na bila maelezo? Jibu liko katika historia, na historia hiyo haianzii mahakamani.

Katika siku za ukoloni sheria ile iliandikwa kwanza kwa ajili ya Wazungu na kampuni zao. Mtu wa kijiji, madai yake ya kila siku yaliamuliwa kwa mila za kwao, na hapakuwa na mila iliyomjua mtu mwenye sindano. Tena mtu wa kijiji hakwenda kwa munganga. Munganga ndiye aliyemfuata, na mara nyingine alikuja na askari. Wakati wa kampeni dhidi ya malale, vijiji vizima vilipangwa mstari, watu wakashikwa shingo kutafutwa tezi, na waliokutwa na ugonjwa wakapelekwa kwenye kambi za kutengwa. Dawa ya kwanza, atoxyl, ilikuwa na sumu ya arseniki. Iliwaokoa baadhi na ikawapofusha wengine wengi. Dawa iliyofuata, tryparsamide, nayo ilikuwa ya arseniki. Ilijaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza hapa kwetu, Léopoldville, mwaka 1920, na daktari Mmarekani Louise Pearce. Hatari yake kwa macho ilijulikana mapema.

Ilijulikana, na bado yakatokea ya Bafia. Huko Kamerun, chini ya Wafaransa, kati ya mwaka 1928 na 1930 daktari mmoja kijana aliongeza kipimo cha tryparsamide kupita kile kilichoruhusiwa. Zaidi ya watu 700 walipoteza macho. Mkubwa wake, Eugène Jamot, aliyekuwa maarufu Afrika nzima kwa vita yake dhidi ya malale, alivuliwa cheo. Ukisoma habari hiyo leo utaona imeandikwa karibu yote kama msiba wa Jamot: jina lake, heshima yake, wivu wa wenzake. Vipofu wa Bafia wanatajwa kama hesabu tu. Mimi naona hapo ndipo tatizo letu la leo lilipozaliwa. Kosa la hospitali lilitazamwa kama jambo la wakubwa kati yao, si deni kwa aliyeumizwa.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 1958, watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi walinyweshwa chanjo ya polio ambayo ilikuwa bado katika majaribio. Baadaye, miaka ya 1990, ulienea uvumi kwamba chanjo ile ndiyo iliyoleta Ukimwi. Wataalamu walichunguza masalio ya chanjo na chembe za virusi, na uvumi ukaonekana si kweli. Lakini swali lingine lilibaki na halina uvumi ndani yake: nani aliwaeleza wazazi wa Ruzizi kwamba watoto wao wako ndani ya jaribio? Kukubali kwa mgonjwa baada ya kuelezwa ni haki peke yake. Hata matibabu yakifaulu, mtu anaweza kuwa amekosewa kwa kutoulizwa.

Sasa Yambuku, ambako kila Mkongomani anapajua kwa jina baya la Ebola. Mwaka 1976 kulikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120, na hakuna daktari. Masista Wabelji na wauguzi Wakongomani ndio waliobeba kazi yote. Mwishoni mwa Agosti mwalimu mmoja alichomwa sindano ya chloroquine, wakidhani ni malaria. Kila asubuhi hospitali ilitoa sindano tano tu kwa ajili ya wagonjwa wote wa nje, wa wadi na akina mama wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa sindano ilisuuzwa katika bakuli la maji ya moto kidogo. Kuchemshwa kulingoja jioni, tena si kila jioni. Waliougua walikuwa 318, waliokufa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Ilipofungwa mwisho wa Septemba, ilikuwa imebaki karibu bila mtu wa kuifungua.

Je, huo ulikuwa uzembe? Kwa kipimo cha leo, kutumia sindano moja kwa watu wengi bila kuichemsha ni kosa lisilo na mjadala. Lakini nani mwenye kosa? Muuguzi aliyepewa sindano tano kwa mamia ya watu? Sista ambaye naye alikufa? Misheni? Leta, ambaye aliiacha hospitali ya eneo zima bila daktari? Hakuna mahakama iliyojibu, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mwaka 1995 Kikwit ilirudia somo lilelile: watu 315 waliugua, na upasuaji wa mgonjwa mmoja ndani ya hospitali ndio uliowamaliza wauguzi na madaktari waliomzunguka. Hapo pia mazungumzo yalikuwa juu ya virusi. Glavu zilizokosekana hazikuitwa kwa hakimu.

Nataja mambo haya ili tuelewe kwamba katika neno kosa kuna vitu viwili. Kuna kosa la mkono wa mtu, na kuna kosa la nyumba nzima: ratiba isiyo na daktari wa usiku, damu isiyopimwa, gari la wagonjwa lililokaa bila mafuta. Sheria ya 1888, kupitia kifungu cha 260, inaruhusu kumfuata mwenye nyumba. Kwa desturi yetu tunamfuata muuguzi, kwa sababu ndiye tunayemjua kwa sura, na tunakutana naye sokoni.

Kivu ya Kaskazini ina ukurasa wake wenyewe. Ebola iliyoanza Mangina Agosti 2018 na kutangazwa kwisha Juni 2020 iliua watu 2,287. Nyuma yake ikatoka habari nyingine: wanawake wa Beni, Butembo na Goma walisema walidaiwa miili yao ili wapate kazi katika mapambano dhidi ya Ebola. Tume huru ilitoa ripoti Septemba 2021. Iliwataja washukiwa 83, kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Huo haukuwa uzembe wa matibabu, ulikuwa dhuluma, na sitaki kuvichanganya. Nauleta kwa sababu ya fidia. Shirika la habari la AP liliandika Novemba 2023 kwamba wanawake 104 walipewa dola 250 kila mmoja, na walitakiwa kwanza kufuata mafunzo ya kujitafutia kipato. Dola 250 haziitwi fidia na sheria, ni msaada. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kinga, hakimu wa Goma au Beni hawezi kuyaita kama anavyoita hospitali ya kanisa au ya Leta. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupoteza nauli.

Tuvuke mipaka, maana majirani wametangulia.

Dar es Salaam, Novemba 2007, katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la ubatizo walibadilishwa. Mwenye shida ya goti alipasuliwa kichwa. Mwenye shida ya kichwa alipasuliwa goti, na huyo alikufa. Nairobi, mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, fuvu la mgonjwa lilifunguliwa kutafuta damu iliyoganda ambayo haikuwemo: mwenye damu hiyo alikuwa mtu mwingine, vibandiko vya majina vilikuwa vimechanganywa. Makosa ya namna hii hayahitaji mtaalamu kuyatambua. Hata mtoto wa shule anaona. Ndiyo maana yaliandikwa katika magazeti, wafanyakazi wakasimamishwa, na mkurugenzi wa Kenyatta akaambiwa apumzike nyumbani. Lakini makosa mengi hayana sura ya wazi hivyo. Mengi yanafanana na kifo cha kawaida.

Kwa hiyo kesi ninayoipenda kuwaeleza watu wa huku ni ya Nakaseke, Uganda, kwa sababu ingeweza kutokea popote kati ya Sake na Walikale. Tarehe 5 Mei 2011 mama mmoja alifika hospitali ya wilaya akiwa na uchungu. Wauguzi walimpima, wakaona mtoto amekwama na upasuaji unahitajika. Hawakukosea hapo. Daktari wa zamu hakuwepo. Walimtafuta. Mume akangoja, saa zikapita kama nane, kizazi kikapasuka, mama akafa na mtoto akafa. Daktari alipofika hapakuwa na wa kupasuliwa.

Familia ilikwenda mahakamani pamoja na shirika la kutetea haki ya afya liitwalo CEHURD. Waliishtaki wilaya, iliyokuwa mwenye hospitali. Tarehe 30 Aprili 2015 Mahakama Kuu ilisema kwamba haki za yule mama zilivunjwa: daktari alikuwa zamu na hakuwa kazini, na hakuna maelezo yaliyotosha. Wilaya ikaamriwa kulipa shilingi za Uganda milioni 35 kwa mume na watoto. Tazama jinsi kesi ilivyosimama. Hawakuhitaji kuthibitisha kwamba daktari alikata vibaya, kwa sababu hakukata kabisa. Walithibitisha saa. Saa ya kufika, saa ya wauguzi kuandika kwamba mtoto amekwama, saa ya kifo, na orodha ya zamu yenye jina la daktari. Karatasi nne au tano tu.

Kesi nyingine ya Uganda ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2011 CEHURD na familia za akina mama wawili waliokufa wakijifungua, mmoja Mityana mwaka 2009 na mwingine Arua mwaka 2010, walipeleka madai yao kwenye Mahakama ya Katiba. Mwaka 2012 majaji waliyatupa, wakisema hayo ni mambo ya siasa na bajeti, si ya mahakama. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ikasema hapana, rudini mkasikilize. Agosti 2020 uamuzi ukatoka: Leta ya Uganda ilivunja katiba kwa kushindwa kuweka huduma za lazima kwa mama wajawazito, na kila familia ilipwe shilingi milioni 155. Miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa siku kesi ilipofunguliwa angekuwa tayari anasoma darasa la nne.

Na Bungoma, Kenya, mwaka 2013, mama alijifungulia sakafuni, koridoni mwa hospitali, bila mtu wa kumsaidia, kisha wauguzi wakamtukana na kumpiga kofi. Mtu aliyekuwa pale alichukua picha za video. Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa shilingi za Kenya milioni 2.5. Mama yule na mtoto wake hawakufa. Dharau peke yake, kwa kipimo hicho, ilikuwa hasara ya kulipwa. Hukumu hizi za majirani hazimfungi hakimu wa Kongo, lakini avoka anaweza kuzitaja, na mwananchi anaweza kujifunza kitu ndani yake.

Basi tutambue vipi?

Hakimu hutafuta vitu vitatu, na vyote vitatu lazima viwepo: kosa, hasara, na kamba inayoviunganisha. Kifo peke yake si kosa. Munganga haahidi kuponya. Anaahidi kufanya vile ambavyo munganga mwangalifu angefanya mahali pale na kwa vifaa vile. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kufa mikononi mwa muuguzi aliyefanya kila kitu sawasawa. Dawa inaweza kuleta madhara yanayojulikana hata ikitolewa vizuri. Na kuna kosa lisilo na hasara: ulipewa dawa isiyo yako, ukatapika, ukapona. Hapo unaweza kulalamika kwa mganga mkuu wa zone, lakini fidia itakuwa ndogo au hakuna.

Kamba ndiyo ngumu. Tuchukue fistula, ugonjwa ambao familia nyingi za Masisi wanaujua na hawautaji. Mkojo unaovuja baada ya kujifungua unaweza kuwa umeletwa na mtoto aliyekwama siku mbili au tatu nyumbani na barabarani. Hapo kichwa cha mtoto ndicho kilichoua nyama ya kibofu, na upasuaji ulikuja kuokoa kilichobaki. Lakini unaweza pia kuwa umeletwa na kisu. Madaktari waliopitia habari za wanawake 5,959 wenye fistula katika nchi kadhaa, wengi wa upande wetu wa mashariki ya Afrika, walikuta kwamba 805 kati yao walijeruhiwa katika upasuaji, mara nyingi upasuaji wa kuzalisha. Ni zaidi ya mmoja kwa kila kumi. Anayeweza kutenganisha ni daktari mtaalamu, kwa kuangalia tundu liko wapi: lile la juu, karibu na mlango wa kizazi au kwenye mrija wa figo, humfanya amshuku mpasuaji. Mama akipelekwa kutengenezwa Panzi au HEAL Africa, aombe kauli hiyo iandikwe katika karatasi zake. Siku ile haina uzito. Mbele ya hakimu ina uzito kuliko mashahidi kumi wa kijijini. Na hata hapo, kugusa kibofu katika upasuaji wa usiku, wa haraka, wa mama aliyechelewa, si lazima liwe kosa. Kukiona kimejeruhiwa na kufunga tumbo bila kusema, hilo ni jambo lingine.

Kuna mengine ambayo kamba yake ni fupi. Damu iliyotiwa bila kupimwa. Kitambaa kilichosahaulika tumboni. Mtu asiye na masomo ya upasuaji anayepasua katika kituo chenye bango la rangi nzuri, na vituo vya namna hiyo vimejaa kila mahali vita vinapokusanya watu. Mgonjwa aliyesema sindano fulani inamdhuru na akachomwa ileile. Muuguzi anayeona hali imemshinda na hataki kuandika karatasi ya kumhamisha mgonjwa, kwa sababu akiondoka pesa zinaondoka naye. Na kumwacha mtu afe mlangoni hadi alipe ni kosa lenye sheria yake: tangu 1978 kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 66 ter, inamwadhibu anayekataa kwa makusudi kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza bila kujihatarisha.

Neno bila kujihatarisha tulipime kwa haki. Februari 2024 vita vilipofika Shasha na barabara ya Sake kwenda Minova ikakatika, wauguzi nao walikuwa wakimbizi wenye mizigo kichwani. Dawa ambayo haikupita kwa sababu ya bunduki si kosa la aliyebaki zamu. Hakimu mwenye akili ataliuliza hilo, na sisi tuliulize kwanza kabla ya kumwita mtu muuaji kijijini. Wauguzi wamekwisha kupigwa mawe katika nchi hii kwa vifo ambavyo hawakuvileta.

Milango ya Kongo ni mitatu, na haifanani.

Mlango wa kwanza ni wa kazi yenyewe: mganga mkuu wa zone ya afya, divisheni ya afya ya jimbo, na kwa madaktari, baraza lao lililoundwa mwaka 1968, ambalo lina kanuni za maadili tangu 1970. Huko mtu anaweza kuonywa au kusimamishwa. Pesa hazitoki huko. Wengi wanaandika barua kwa baraza, wanangoja fidia, na miaka inapita bure.

Mlango wa pili ni parke. Vifungu vya 52 hadi 54 vya kanuni ya adhabu vinahusu kuua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kukosa kutazama mbele na kukosa uangalifu. Kuua hivyo ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Kujeruhi ni siku 8 hadi mwaka 1. Kesi huenda mahakama ya amani. Uzuri wa mlango huu ni kwamba parke ina nguvu ambazo familia haina: inaweza kuchukua kitabu cha wodi na kumwagiza daktari mwingine achunguze mwili au karatasi. Familia inajiunga kama mdai wa fidia ndani ya kesi ileile. Ubaya wake ni kwamba muuguzi anaweza kulala ndani, na kijiji kikabaki bila muuguzi.

Mlango wa tatu ni madai ya fidia peke yake, kwa vifungu vile vya 1888. Hapo huombi mtu afungwe. Unaomba hasara itengenezwe: gharama za matibabu mapya, mazishi, kazi iliyopotea, uchungu wa moyo. Mjane, watoto na wazazi wanaweza kudai, kila mmoja kwa hasara yake. Unaweza kumwita mwenye hospitali bila kumgusa muuguzi, na mimi naona kwa makosa ya nyumba nzima huu ndio mlango wa haki. Kuna pesa za kuweka mahakamani, na Leta inachukua asilimia yake juu ya fidia. Asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha umaskini, na chama cha mavoka kina ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini.

Mlango wa nne haumo katika sheria ya hospitali lakini ndio unaotumika zaidi: kupatana. Deni la hospitali linafutwa, jeneza linanunuliwa, mbuzi anatolewa, na karatasi inasainiwa. Kupatana si vibaya. Wazee wetu walijua thamani yake, na mara nyingine kunawarudishia watu amani kuliko hukumu. Lakini soma karatasi, au somewa na mtu asiye wa hospitali. Ukiandika kwamba umeridhika na huna dai tena, mlango wa tatu umejifunga kwa mkono wako. Wa pili haufungwi na saini yako, kwa sababu kesi ya jinai si mali ya familia. Na kufutiwa deni la matibabu yaliyokuumiza si zawadi.

Sisi tunaoitwa deplase tuna shida ya ziada: karatasi zilibaki Shasha, au zilinyeshewa Bulengo, au ziliungua. Nakala ya kadi, karatasi ya kuhamishwa na kitabu cha mjamzito zaweza kuombwa tena kama kituo bado kina vitabu vyake. Kama hakina, andikeni sasa mnachokumbuka: siku, saa, jina la aliyekuwa zamu, dawa iliyotajwa, nani alikuwepo, na mtie alama kila mmoja. Picha ya simu ya karatasi ya dawa inachukua nafasi ndogo kuliko wimbo mmoja.

Muda nao unakimbia, na haukimbii sawa kwa milango yote. Tangu Januari 2025 mahakama za Leta za Goma hazifanyi kazi kama zamani, lakini hesabu ya kanuni ya adhabu imeandikwa katika kifungu cha 24 na inahesabiwa kwa kalenda: mwaka 1 kwa kujeruhi bila kukusudia, miaka 3 kwa kuua bila kukusudia, isipokuwa uchunguzi uwe umekwisha kuanzishwa, maana huo hukata hesabu na kuianza upya. Madai ya fidia peke yake yana miaka 30. Kwa hiyo mama aliyejeruhiwa katika upasuaji Februari 2024, na hakuna aliyefungua faili, parke yake ilifungwa Februari 2025. Kwa aliyekufa mwezi uleule, familia ina hadi Februari 2027. Dai la fidia la familia zote mbili linaishi hadi 2054.